Wanaogopa jambazi au wanaogopa serikali? Maswali yenu kuhusu wahafidhina wa Marekani

Toleo lililopita nilidokeza tu, kwenye jibu la mtu mmoja, kwamba wahafidhina wa Marekani, wengi wao wa chama cha Republican, hawana sauti moja kwenye mambo ya jela na usalama wa taifa. Basi mkaniandama. Meseji zimejaa mpaka simu inagoma, wengine mnauliza wengine mnatukana, matusi nimeyaweka pembeni na maswali yaliyofanana nimeyaunganisha. Twende.

Mwanangu, mimi redio nasikiliza miaka yote. Republican ni watu wa sheria na utulivu, mhalifu afungwe na funguo zitupwe baharini. Sasa mjukuu wangu ananiambia Trump ndiye aliyesaini sheria ya kupunguzia watu vifungo. Ananidanganya huyu? (Mzee wa Ngamiani, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu hajakudanganya, msamehe. Sheria inaitwa First Step Act, Trump aliisaini tarehe 21 Desemba 2018, Seneti iliipitisha kwa kura 87 kwa 12, na hapo kwenye 12 ndo penye utamu maana waliokataa wote walikuwa Republican wenzake, kinara wao Tom Cotton wa Arkansas. Rais wao, sheria yao, na wapinzani pia wao.

Iko hivi. Mhafidhina wa kule ana hofu mbili kwenye kifua kimoja. Anamwogopa jambazi na adui wa nje, hapo anataka polisi wengi, vifungo virefu, jeshi kubwa. Halafu anaiogopa serikali, hasa ile ya Washington, anaona inamla kodi na siku moja itakuja kumgongea mlango usiku, hapo anataka serikali ndogo kabisa. Hofu hizi zinaishi pamoja bila ugomvi mpaka ufike gerezani, kwa sababu gereza nalo ni serikali, tena serikali inayolisha watu, inayotibu watu na inayolipa mishahara usiku na mchana.

Waliostuka mapema ni Texas, na Texas mzee wangu sio watu wa kulea wezi. Mwaka 2007 waliambiwa kwa mwendo ule ikifika 2012 watahitaji vitanda vya wafungwa zaidi ya 17,000 vipya, gharama yake kama dola bilioni 2. Spika wa bunge la jimbo, Tom Craddick, akamchukua Republican mwenzake Jerry Madden, mtu wa uinjinia ambaye mambo ya magereza hakuwa ameyashika, akampa kamati na maelekezo mafupi sana, usijenge jela mpya, ni ghali. Mimi nadhani ule ugeni wake ndo ulisaidia. Akakaa na seneta wa Democrat, John Whitmire, wakaanza kufuatilia wafungwa kama fundi anavyofuatilia bomba linalovuja, wanaingilia wapi, wanatokea wapi, kwanini wanarudi, wakakuta wengi wanarudi ndani kwa kukosea masharti ya kutumikia adhabu nje, au ni walevi na wala unga ambao hakuna mtu aliyewahi kuwatibu. Bunge likatoa dola milioni 241 ziende kwenye tiba na vituo vya kati, vya adhabu nyepesi kuliko jela, badala ya kuta. Ule mlima wa vitanda haukujengwa, na mwaka 2011 wakafunga gereza moja la Sugar Land lililokuwa na miaka zaidi ya 100.

Baada ya hapo majimbo mengine ya Republican yakawa yanakuja kuchungulia, maana kama Texas wamefanya nani atakuita mlegevu?

Na kuna wale wa kanisani, usiwasahau. Chuck Colson alikuwa mtu wa rais Nixon wa zile kazi ambazo hazisemwi mezani, mwaka 1974 akala miezi 7 jela kwa kosa la kuzuia haki, kabla ya kuingia alishaokoka, na 1976 akaanzisha Prison Fellowship ya kuhudumia wafungwa. Kwahiyo kufika 2018 kulikuwa na watu wa hela, watu wa Biblia na watu wa serikali-isinisogelee wote wamekaa meza moja.

Ila sheria yenyewe tusiikuze. Inagusa magereza ya serikali kuu tu, wakati ule yalikuwa na watu kama 180,000, na Marekani nzima waliofungwa walikuwa zaidi ya milioni 2. Miongoni mwa waliofaidi ni wale wa kreki, ile kokeini ya kuvuta. Sheria ya mwaka 1986 ilisema gramu 5 za kreki ni sawa na gramu 500 za kokeini ya unga, zote miaka 5 jela kwa uchache, na kreki ndo iliyokuwa kwenye mitaa ya watu weusi. Mwaka 2010 tofauti ikashushwa kutoka mara 100 mpaka mara 18 lakini waliokwisha hukumiwa wakaachwa humo humo, ikawa inabidi wasubiri mpaka hii ya 2018.

Kituko cha mwisho halafu nakuacha. Ron DeSantis akiwa mbunge, Mei 2018, alipigia kura ya ndiyo muswada wa mwanzo wa sheria hii. Mwaka 2023 anautaka urais, anagombea na Trump, akaiita sheria ya kuvunja jela na kuahidi kuifuta.

Kaka mkubwa, kwanini kila uchaguzi Marekani matangazo ni ya kutisha tu, wahalifu wahalifu wahalifu, hawana sera? Nani aliwafundisha hii? (Kijana wa Kirumba, Mwanza)

Mdogo wangu wewe umezaliwa juzi, ngoja nikurudishe 1988.

Reagan anamaliza muda, makamu wake George Bush mzee anagombea na Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts wa Democrat. Mwezi wa saba kura za maoni zinampa Dukakis pointi 17 mbele, yaani watu washaanza kugawana vyeo. Sasa Massachusetts ilikuwa na utaratibu wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kwenda nyumbani wikiendi, na mfungwa mmoja wa maisha kwa kosa la mauaji, Willie Horton, alitoka hivyo mwaka 1986 hakurudi, mwaka uliofuata huko Maryland akavamia nyumba, akamjeruhi mwanaume na kumbaka mchumba wake. Jambo baya, halina utetezi.

Septemba likatoka tangazo lenye picha ya Horton, mtu mweusi, ile picha anayopigwa mtu akikamatwa na polisi, na habari za wahanga wazungu. Waliolitoa ni kundi la pembeni lililojiita National Security Political Action Committee, jina la usalama wa taifa kazi yake kuonyesha mfungwa kwenye tivii! Kampeni ya Bush ikasema sio letu, halafu nao wakaja na lao, wafungwa wanapita kwenye mlango wa kuzunguka, wanaingia wanatoka wanaingia wanatoka. Meneja wa kampeni, Lee Atwater, alikuwa amejigamba kwamba atamfanya Horton aonekane kama mgombea mwenza wa Dukakis. Mwaka 1991 akiwa anakufa kwa saratani ya ubongo aliomba radhi kwa maneno hayo.

Yasiyosemwa kwenye tangazo ni kwamba utaratibu ule aliuanzisha gavana wa Republican, Francis Sargent, mwaka 1972. Ila na Dukakis sio malaika, mwaka 1976 bunge lake lilitaka kuwanyima wauaji ile ruhusa na yeye akakataa kusaini.

Kwenye ulinzi wakamkamatia huko huko. Dukakis kuonyesha na yeye anaweza jeshi akapanda kifaru Michigan tarehe 13 Septemba, kavaa helmeti kubwa imeandikwa jina lake, anatabasamu kama mtoto kwenye bembea, na Republican wakaichukua picha hiyo wakatengenezea tangazo. Mwezi uliofuata kwenye mdahalo akaulizwa swali la kwanza kabisa, mke wako akibakwa na kuuawa utataka muuaji apewe adhabu ya kifo? Akajibu kwa takwimu. Bush akachukua majimbo 40.

Waliojifunza sana ni Democrat. Januari 1992 Bill Clinton, gavana wa Arkansas, yuko kwenye kampeni ya urais akarudi kwake kusimamia adhabu ya kifo ya mtu mwenye ubongo ulioharibika, na 1994 akasaini sheria kubwa ya uhalifu. Kwa miaka ishirini hivi hakuna mwanasiasa wa chama chochote aliyetaka kuwa Dukakis.

Kwahiyo angalia tarehe, usiangalie hotuba. Texas walirekebisha 2007, mwaka usio na uchaguzi. First Step Act ilikuwa tayari tangu katikati ya 2018 lakini kiongozi wa Seneti Mitch McConnell hakuileta mpaka uchaguzi wa Novemba ukapita, ikapigiwa kura wiki sita baadaye. Trump alipokuja kuiweka kwenye tangazo la Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Februari 2020, akamuonyesha bibi mmoja, Alice Johnson, aliyekaa zaidi ya miaka 21 kwa kesi ya kokeini na yeye akampunguzia kifungo, mpole, analia kwa furaha. Mfungwa wa huruma anaonyeshwa, sera yenyewe inabaki kabatini.

Assalam aleikum. Sisi hapa Mombasa tunakumbuka bomu la Nairobi na la Dar, na kuna mwenzetu alichukuliwa hapa akapelekwa Guantanamo. Nataka kujua kwanini hao wahafidhina hawataki washukiwa wapelekwe kotini kama watu wengine. (Msomaji wa Kisauni)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali hili lina kwetu ndani yake kwahiyo nitakaa nalo kidogo.

Tarehe 7 Agosti 1998 walikufa watu 224, Nairobi 213 na Dar 11, wengi wao wetu kabisa, wapita njia, makarani, walinzi. Washukiwa wa mwanzo walipelekwa mahakama ya kawaida New York, yumo Khalfan Khamis Mohamed wa kwetu Tanzania aliyekamatwa Cape Town 1999, na wanne walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001. Hakuna mhafidhina aliyepiga kelele, koti ilifanya kazi yake.

Baada ya Septemba 11 mambo yakageuka. Wahafidhina wengi, serikali ya Bush mdogo mbele, wakasema hii ni vita sio kesi, adui wa vitani hasomewi haki zake wala hapewi wakili kwa kodi ya wananchi, na siri za majasusi haziwezi kuanikwa mbele ya baraza la mahakama. Hoja sio ya kijinga, naisema ilivyo. Ikazaa gereza la kijeshi la Guantanamo kule Kuba na mahakama za kijeshi.

Jaribio likaja kwa Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, alikamatwa Pakistan 2004, akakaa kwenye magereza ya siri ya CIA, 2006 akapelekwa Guantanamo, 2009 Obama akamleta New York. Kesi ikaanza vuli ya 2010, katikati ya kampeni za bunge. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi muhimu, Mtanzania, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumbana Ghailani kwa mateso. Novemba 2 Republican wakashinda viti 63 zaidi bungeni, Novemba 17 uamuzi ukatoka, makosa zaidi ya 280 na ametiwa hatiani kwa moja tu! Unaweza kufikiria kelele zilizopigwa. Kabla mwaka haujaisha bunge likapiga marufuku hela ya kuleta mtu yeyote wa Guantanamo Marekani, Obama akasaini Januari 7, 2011 huku ananung'unika.

Ila lile kosa moja, Januari hiyo hiyo, Kaplan alimpa nalo kifungo cha maisha. Yuko ndani. Na wale wa Septemba 11 walioachwa kwa mahakama ya kijeshi, Khalid Sheikh Mohammed na wenzake, zaidi ya miaka 20 tangu wakamatwe kesi haijasikilizwa, makubaliano ya kukiri makosa yalifikiwa 2024 waziri wa ulinzi akayatengua ndani ya siku mbili. Wahanga wa Nairobi na Dar walau wana hukumu mkononi, wahanga wa New York kwa kina Khalid bado hawana. Mtu wa usalama wa taifa ukimuuliza hapo atakujibu kwamba yule Ghailani nusura aponyoke, na mimi namjibu aliyemponza shahidi sio jaji, ni yule aliyemtesa mshukiwa.

Huyo wenu aliyekamatwa Mombasa 2007 alirudishwa Kenya Desemba 2024. Miaka 17 bila kusomewa shitaka hata moja.

Niaje editor. Hapa Kenya bila ID ama pasipoti hugusi debe. Mbona Amerika ikisemwa watu waonyeshe kitambulisho inakuwa vita? (Msee wa Nakuru)

Poa sana. Shida ni kwamba Marekani haina kitambulisho cha taifa. Na wasiokitaka kabisa, shika hapo, ni pamoja na wahafidhina wenyewe! Mwaka 2005 Republican Jim Sensenbrenner alileta sheria ya REAL ID, kuweka kiwango kimoja cha leseni nchi nzima kwa ajili ya usalama wa ndege, majimbo yakagoma, Maine wakaanza 2007, wengine wa Republican wakafuata wakisema Washington inataka kutuorodhesha. Imeanza kufanya kazi viwanja vya ndege tarehe 7 Mei 2025. Miaka ishirini, bwana.

Kwahiyo mtu yule yule anataka kitambulisho kwenye kura na hataki kitambulisho mfukoni. Wenyewe wanasema kura ilindwe, imani ya watu ilindwe, na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2008 iliikubali sheria ya Indiana kwa majaji 6 kwa 3. Wapinzani wanasema wazee na maskini wasioendesha gari ndo watakaoachwa nje. Ugomvi wenyewe unakuja kwenye kuchagua karatasi gani inakubalika, ile sheria ya Texas ya 2011 ilikubali leseni ya bastola na kukataa kitambulisho cha mwanafunzi. Hapo hata mimi nikacheka.

Mie niko Maskati, asili yangu Unguja, dada yangu yuko Minnesota tunapigiana kila Ijumaa. Kweli Wamarekani wanatusikiliza? (Bi wa Ruwi)

Shikamoo bibi. Kisheria wanaweza. Kuna kifungu namba 702 cha sheria yao ya upelelezi, FISA, kinachowaruhusu kukusanya mawasiliano ya mgeni aliye nje ya Marekani bila kibali cha jaji, mradi wawe wanamtafuta kwa habari za kijasusi. Wewe ni mgeni na uko nje. Dada yako maadamu yuko Marekani hawaruhusiwi kumlenga yeye kwa kifungu hicho, ila akiongea na mtu wanayemlenga maneno yake yanaingia kwenye wavu hivyo hivyo. Kwa habari za harusi na bei ya vitenge sidhani kama kuna atakayepoteza muda wake.

Hapa zile hofu mbili zilipigana hadharani Aprili 2024. Sheria inaisha muda, spika Mike Johnson anataka iongezwe, Trump anaandika kwa herufi kubwa iuawe kwa sababu anasema ilitumika kumpeleleza kampeni yake, ingawa yale ya kampeni yake yalitoka kwenye kifungu kingine kabisa. Republican 19 wakamgomea spika. Wengine walikuwa na sababu ya maana, hati za mahakama zilishaonyesha FBI ilipekua majina ya wachangiaji zaidi ya 19,000 wa mgombea mmoja wa ubunge. Ikaletwa hoja kwamba FBI ikitaka kutafuta jina la Mmarekani kwenye wavu ule ichukue kibali kwa jaji, na Johnson mwenyewe kabla hajawa spika alikuwa upande huo. Kura zikatoka 212 kwa 212, sare, hoja ikafa. Johnson alipiga ya hapana.

Sensenbrenner yule wa vitambulisho, aliyesimamia na Patriot Act, sheria ya upelelezi ya baada ya Septemba 11, mwaka 2001, baada ya Snowden, kijana aliyefanyia kazi majasusi wa Marekani, kumwaga siri 2013 aligeuka akawa mmoja wa wanaotaka kupunguza upelelezi. Siku hizi amestaafu.

Hao wa sheria na utulivu si ndo walioachia waliopiga polisi Januari 6? Jibu kwa kifupi. (Hakuweka jina, Bukavu)

Kifupi, ndio. Trump aliwasamehe watu kama 1,500 wa ule uvamizi wa bunge wa 2021, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Januari 20, 2025. Siku kadhaa kabla makamu wake Vance alikuwa amesema waliofanya vurugu wasisamehewe. Chama kikubwa cha polisi kilichomuunga mkono kwenye kampeni kilitoa tamko la kusikitika. Tamko tu.

Dah, mimi nina green card, niko Columbus Ohio, nilipokwenda kuchukua leseni wakaniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nilisema ndio maana niliona ni heshima. Nimekosea? (Mama wa wawili)

Dada yangu acha kila kitu usome hapa. Ofisi za leseni zinauliza waombaji kwa sababu ya sheria ya mwaka 1993, karani hakuchagui wewe. Lakini mwenye green card haruhusiwi kupiga kura ya bunge wala ya rais, na kujitaja raia wakati sio, au kupiga kura, ni kosa linaloweza kukufungisha, na kurudishwa nyumbani kunaweza kukukuta hata kama hukujua, sheria ya 1996 iliyatia meno mambo hayo. Na sasa hivi kura za wageni ndo wimbo wa kampeni za wahafidhina, majimbo yanapitisha orodha kwa kitana, kwahiyo usitegemee kwamba hakuna atakayeona.

Usiende kupiga kura. Usiwapigie simu mwenyewe ukaanza kujieleza. Tafuta kwanza wakili wa uhamiaji mwenye leseni, sio yule kaka wa msikitini au kanisani anayejaza fomu za watu, mpelekee nakala ya kila ulichosaini ofisini siku ile, yeye ndo aangalie kama uliweka alama kwenye kisanduku cha uraia au uliitikia kwa mdomo tu, maana hizo ni kesi mbili tofauti, na kama jina limeingia kwenye daftari yeye ndo aandike barua ya kulitoa. Hilo lifanyike kabla hujagusa fomu ya kuomba uraia, kwa sababu kule watakuuliza swali hilo hilo ukiwa umeapa.